Droo ya Sifuri

Watu wakinisikia namtaja Mwalimu wa kompyuta hudhani nilimpenda. Sikumpenda. Kwa miaka karibu miwili nilimwombea mafua, malaria ndogo, safari ya ghafla, chochote ambacho kingemweka mbali na kalamu yake nyekundu kwa wiki moja tu. Mungu hakunisikiliza, na leo namshukuru kwa kuniacha nipige kelele bure.

Sijui alizaliwa wapi wala alisomea wapi. Wengine walisema Ubelgiji, wengine walisema alijifunza kwa masomo ya posta, na fundi Kasimu, seremala wa mtaani kwetu, alishikilia kwamba hakusoma popote, aliamka tu siku moja akiwa hivyo. Nilichokijua mimi ni kwamba alikuwa na chumba kimoja Nyamirambo, mjini Kigali, nyuma ya duka la mshonaji, ndani yake mna kompyuta moja yenye kioo cha kijani, viti kumi na wanafunzi tisa. Na alikuwa na saini niliyoihitaji.

Nilikuwa mpiga chapa katika kampuni moja ya vipuri mjini. Mkurugenzi wetu alirudi safarini na kompyuta mbili ndani ya maboksi, akatuita sisi wanawake wapiga chapa wote, akatuambia kwa upole mwingi kwamba taipureta zitaondoka na atakayebaki kazini ni mwenye cheti. Kisha akaweka chungu cha maua juu ya maboksi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuyafungua. Cheti chenyewe hakikuwa cha serikali. Kilikuwa karatasi ya Mwalimu, chini yake saini ya Mwalimu, na Mkurugenzi alikuwa amesikia mahali kwamba saini ile haitoki ovyo. Hapo alikuwa amesikia vizuri. Mama yangu, nyumba yetu ya Biryogo na heshima yangu kwa majirani, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye kalamu ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akisaini kitu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, suruali imenyooshwa mpaka inakata, na shati lake siku zote lilifungwa kwa kukosea tundu moja. Kifungo cha kwanza kiliingia tundu la pili, vingine vikafuata kwa utii, hata juu kukabaki tundu lisilo na kifungo na chini kifungo kisicho na tundu. Mtu huyo huyo angekunyima cheti kwa kuanza kuhesabu mahali pasipo pake. Hatukumwambia. Odeta, muuza dawa aliyekaa kiti cha nne, alitukataza kabisa.

"Mumwache," alisema. "Siku akijua, atajinyima cheti yeye mwenyewe."

Somo lake lilikuwa moja. Wanafunzi wa walimu wengine mjini walijifunza kuchora duara kwenye kioo na kuifanya mashine ipige muziki. Sisi tulijifunza safu. Safu, alieleza siku ya kwanza, ni vitu vingi vilivyopangwa mstari mmoja chini ya jina moja, na kila kimoja kina namba ya mahali pake. Hutafuti kitu kwa kukizungukia soko zima. Unaitaja safu, unataja namba, unakipata. Na namba ya kwanza si moja, ni sifuri. Alipofika hapo alinyamaza, kama imamu aliyemaliza hotuba, akasubiri tulie kwa furaha. Tulinakili sifuri kwenye daftari.

Ili tuelewe, alikuwa amemwagiza fundi Kasimu amtengenezee sanduku refu la mbao lenye droo kumi, zimeandikwa namba kuanzia sifuri. Kasimu alisikia sifuri, akasikia kumi, akatengeneza zote: kuanzia sifuri mpaka kumi. Siku ya kukabidhi tulikuwa darasani. Mwalimu alihesabu droo mara mbili, akavua miwani, akahesabu mara ya tatu.

"Fundi, hizi ni kumi na moja."

"Mwarimu, umesema kumi. Iko kumi, iangalie, nimeiandika." Kasimu aligonga droo ya mwisho. "Na hiyo sifuri yako nimekuongezea bure."

"Namba ya mwisho ilitakiwa kuwa tisa!"

"Mutu anaomba kumi, unamupa tisa? Mi siko mwizi, Mwarimu."

Walibishana mpaka mshonaji akaja kuuliza kuna msiba gani. Juma lililofuata, Mwalimu alipotuonyesha jinsi ya kuiagiza mashine itutengenezee safu ya kumi, ilidhihirika kwamba mashine nayo ina tabia za Kasimu: ukiiomba kumi inakuandalia kuanzia sifuri mpaka kumi, yaani kumi na moja. Alilijua hilo tangu zamani, nina hakika, na alitumaini tusiulize. Mimi niliuliza. Habari zikamfikia Kasimu kabla hatujafunga daftari, na kwa mwezi mzima kila aliyepita karakana yake aliambiwa kwamba hata kompyuta ya wazungu iko na akili kama yake. Droo ya kumi ikabaki pale, haina mtu, na Mwalimu aliitazama kama mkwe asiyemtaka.

Zile droo nyingine tulipewa sisi. Siku ya kwanza kila mmoja aliandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia kwenye droo ya namba ya kiti chake. Mimi nilikuwa saba. Mwalimu mwenyewe alitia karatasi yake kwenye sifuri. Hakufungua hata moja, na tangu siku hiyo hakumwita mtu kwa jina. Kila kipindi, saa kumi na moja jioni, alisimama mbele ya sanduku na kuita.

"Sifuri. Nipo," alijiitikia mwenyewe kwa uso mkavu. "Moja?"

"Nipo."

"Mbili?"

Hivyo hivyo mpaka tisa. Halafu aliita kumi. Hapakuwa na wa kumi, na yeye alijua, lakini droo ilikuwapo, kwa hiyo lazima iitwe. Tulikaa kimya kwa muda ambao mtu angetumia kuitika, tukibana vicheko, ndipo alipofungua kitabu.

Kuitwa namba kulituudhi. Afisa mmoja wa forodha, aliyekuwa tatu, alivumilia wiki tano.

"Mimi nina jina, nina na cheo!" alisema siku ya mwisho. "Hata mbwa wangu ninamuita jina."

"Mbwa wako hajaja kusoma," alijibu Mwalimu. "Tatu, kaa chini."

Tatu hakukaa. Aliondoka na mwavuli wake, na hakurudi. Kipindi kilichofuata, mwenye kiti cha nne akataka kusogea kuziba pengo, kwa kuwa jua lilikuwa likimpiga usoni, na wote tungesogea nyuma yake. Mwalimu alipiga meza.

"Nani amewaruhusu kuhama? Aliyeondoka ni mtu. Nafasi yake haijaondoka."

"Lakini Mwalimu, hatarudi," alisema Odeta.

"Mimi sijasema atarudi. Nimesema nafasi ipo. Mkisogea, nne atakuwa tatu, tano atakuwa nne, na kesho nikimwita saba nitapata nani?"

Kwa hiyo Odeta aliendelea kupigwa na jua, na kiti cha tatu kikakaa kitupu katikati yetu mwaka mzima. Tukiazimana rula tulirushiana juu yake. Wakati wa kuita, tatu iliitwa, ikanyamaziwa, tukaendelea.

Nilidhani ni majivuno. Ilinichukua muda kuona jambo ambalo sasa linanijia lenyewe. Miaka ile, mtu aliyekuuliza jina lako mjini hakuwa amemaliza. Alikuwa na swali la pili: wa baba gani, wa mlima gani, lete kitambulisho tusome kimeandikwa kabila gani. Tuliulizwa hivyo kwenye vizuizi, tuliulizwa hivyo kazini, na wengine waliulizwa hivyo baa na watu waliowanunulia bia. Katika chumba cha Mwalimu uliulizwa namba yako tu. Sisemi alikusudia. Ningemuuliza, angeniambia nirudi kwenye zoezi.

Umeme ulipokatika, na ulikatika kila mshonaji alipochomeka pasi yake, Mwalimu hakuturuhusu kwenda nyumbani. Aligeuka mashine. Tulimsomea programu tuliyoiandika kwenye daftari, naye akaitekeleza kwa miguu, kiti kwa kiti, bila kuongeza akili yake hata chembe.

"Usiniambie ulichotaka kusema," alikuwa akisema. "Nisomee ulichosema."

Jioni moja ya mvua nilimsomea yangu. Nilikuwa nimeandika apite kwenye safu kuanzia sifuri mpaka kumi na mbili, kwa uzembe tu. Alianza kwenye kiti chake, akapita moja, mbili, akagusa kile kitupu cha tatu, akafika tisa. Baada ya tisa palikuwa na mlango. Kumi ilikuwa kizingiti. Kumi na moja ilikuwa mtaro. Kumi na mbili ilikuwa katikati ya barabara, na hapo ndipo alipokwenda kusimama, mikono ubavuni, mvua ikimshukia kwenye miwani.

"Mwalimu, rudi!" nilipiga kelele.

"Hujaniandikia kurudi!"

Wanawake waliojikinga mvua barazani kwa mshonaji walijishika vichwa. "Mana yanjye, Mungu wangu, huyu muzee iko na nini?" mmoja aliuliza, na mwenzake akasema pengine wapige simu Ndera, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Lori la matofali lilipiga honi na kumzunguka. Nilikuwa nafuta na kuandika, kumi na mbili ikakataa kufutika, nikaichana karatasi, nikaandika upya na kumsomea kwa sauti kutoka mlangoni. Ndipo alipogeuka na kurudi, akakaa kwenye kiti chake, maji yakichuruzika mpaka chini ya kompyuta.

"Ndivyo mashine inavyojisikia," alisema, akapiga chafya. Nilipata mafua niliyokuwa nikiyaomba, ila yalimshika siku ya mapumziko.

Usidhani kwamba ukali wake ulikuwa wa kila mahali. Odeta alipolazwa na homa ya matumbo, Mwalimu alimpelekea uji kwenye chupa ya chai, kama desturi yetu ya kumbebea mgonjwa chakula. Alifika wodini akauliza kwa adabu, "Namba nne yuko wapi?" Muuguzi akampeleka kitanda namba nne. Pale alikuwapo mzee mmoja kutoka kijijini ambaye hakuwa na mgeni tangu alazwe. Mzee alipoona uji akakaa na kufungua mikono. Mwalimu akammiminia. Odeta, aliyekuwa kitanda cha kumi na moja, alimwona kwa macho yake akimnywesha mtu baki kikombe baada ya kikombe, akataka kuita, akakosa nguvu.

"Sasa ulipogundua, kwa nini hukuniletea mimi kilichobaki?" alimuuliza alipopona.

"Nilikuwa nimeshaanza na yule," alijibu. "Haikatizwi katikati."

Alirudi kwa yule mzee siku nne mfululizo, na kila siku alimpungia Odeta mkono kutoka mbali. Odeta alisimulia kisa hicho mpaka tukakichoka, na alipokisimulia alicheka mwenyewe kabla ya kufika kwenye kikombe cha pili. Nilimpenda Odeta. Hilo nalisema waziwazi, kwa sababu sikumwambia.

Basi, mtihani. Ulikuwa swali moja, lile lile kwa wote, na alitupa siku ya kwanza: andika programu itakayopokea majina ya darasa hili kwenye safu, kisha iyaandike yote kwenye kioo, asipungue mtu wala asizidi. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya dakika kumi. Mimi nilianguka mara tatu.

Mara ya kwanza nilianza kuhesabu kwenye moja. Mwalimu alisoma majina kwenye kioo, akaniuliza, "Nani amekufundisha programu hii?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Hapana. Mimi simo."

Mara ya pili ndiyo ile ya mvua. Mara ya tatu nilijiandaa kweli. Nilianza sifuri, nikaishia mahali pake, na kwa kuwa tatu alikuwa ameondoka, nikaifundisha mashine iruke mahali patupu ili orodha itoke safi, bila pengo. Ilitoka safi. Odeta alinipigia makofi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitavaa nini siku ya kumpelekea Mkurugenzi cheti.

"Tatu yuko wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Ameondoka, Mwalimu."

"Nafasi yake?"

"Nimeiruka. Ili ipendeze."

Alivua miwani. Sikuwahi kumwona amekasirika kweli mpaka siku hiyo. Ule mwingine wote ulikuwa ukali wa kazi. "Orodha si kitambaa cha meza," alisema. "Atakayeisoma hii kesho hatajua kama aliwahi kuwapo mtu wa tatu. Pengo liandike. Mstari mtupu ni habari, Saba. Ukiufuta umedanganya."

Nililia mbele ya watu wazima wenzangu. Nilimwambia kwamba Mkurugenzi amechoka kusubiri, kwamba ametoa mpaka mwisho wa Aprili, kwamba saini ni wino tu, na kwamba yeye ni mtu asiye na huruma. Alisikiliza yote.

"Mashine haina huruma," alisema. "Lakini pia haina chuki. Mimi sina cha kuzidi hapo." Kisha akafungua shajara yake. "Njoo Alhamisi ya wiki ya Pasaka. Mara ya nne. Ukipata, nasaini hapo hapo."

Kabla ya sikukuu alilibeba sanduku la droo kwenda nalo kwake Kicukiro, kwa sababu droo ya tatu ilikuwa inagoma kufunguka na hakutaka Kasimu aiguse. Alilibeba begani mwenyewe, shati limekosewa tundu moja. Odeta alimfungulia mlango. Mimi sikumuaga, nilikuwa nimenuna.

Alhamisi ya wiki ya Pasaka mwaka 1994 hapakuwa na mtihani. Aliyekuwa Kigali anajua ilikuwa siku gani, na asiyekuwapo ameshasoma. Mimi na mama yangu tulipona kwenye dari ya jirani yetu wa Biryogo, Mwislamu mwenzetu, ambaye aliwaapia waliokuja kwamba nyumba ile haina mtu. Sitaongeza zaidi ya hapo. Nilipotoka, kampuni ya vipuri ilikuwa kuta. Mkurugenzi hakuwapo. Maboksi ya kompyuta hayakuwapo, ila kile chungu cha maua kilikuwa kimesimama mahali pake, udongo umekauka.

Kuelekea mwisho wa mwaka mji ulijaa watu wapya, wenyeji waliozaliwa ugenini, wenye Kiswahili cha Bujumbura na Kiingereza cha Kampala. Ofisi zilianza kufunguka, na kila ofisi ilikuwa inatafuta mtu anayejua kompyuta, na kila ofisi ilitaka karatasi ya kuonyesha. Nilicheka peke yangu barabarani. Nilipita Nyamirambo, chumba cha Mwalimu hakina mlango wala viti. Karakana ya Kasimu ilikuwa imeungua. Nikamweka Mwalimu pamoja na wale waliouawa, kama tulivyokuwa tukifanya siku zile kwa mtu usiyemwona, na nikaacha kuulizia saini.

Siku moja nilikwenda soko la Kicukiro kununua chumvi. Nilimwona kwa nyuma kwanza, mtu mrefu ameinama kwenye meza ya viungo. Alipogeuka niliangalia shati. Juu tundu halina kifungo, chini kifungo hakina tundu. Nilisimama katikati ya njia na watu wakanisukuma.

Mezani palikuwa na sanduku la Kasimu.

"Dada, karibu, chumvi, karafuu, kila kitu iko," alisema mama mwenye meza. Alikuwa mnene, mchangamfu, kilemba cha kitenge. "Usimujali huyu muzee. Anakujaka kila siku, hanunui kitu, anafungua droo tu."

"Sanduku hili umelipata wapi, mama?"

"Kwa nyumba tuliyoikuta tukitoka Burundi. Ilikuwa haina mutu. Yeye anasema ni nyumba yake." Alishusha sauti. "Labda ni kweli. Ningemuogopa. Lakini haulizi nyumba, anauliza droo!"

"Nyumba itasubiri," alisema Mwalimu. Kisha akaniona. Mdomo wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona ukifanya. "Saba," alisema.

"Nipo, Mwalimu."

Hatukukumbatiana. Sikujua mtu kama yeye anakumbatiwa vipi. Aliniambia anakaa Ndera, si hospitalini bali kwa ndugu yake, mashambani. Sikumuuliza kuhusu wa nyumbani kwake, naye hakuniuliza wangu. Siku zile swali hilo uliliacha mpaka mtu alifungue mwenyewe.

"Una deni la mtihani," alisema.

"Mashine iko wapi?"

Alionyesha sanduku. "Karatasi zimo. Huyu mama hakuzitoa."

"Niliogopa kutupa majina ya watu," alisema yule mama. "Nikaweka mifuko juu yake. Ni vibaya?"

Nilivuta droo ya kwanza, yenye moja. Chini ya mfuko wa chumvi palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Niliikunjua, nikasoma jina kwa sauti, nikasubiri. Nilivuta ya pili. Kwenye tatu, ambayo bado iligoma, niliisoma karatasi ya yule afisa wa forodha, nikaliacha pengo lake. Nne ilikuwa ya Odeta, mwandiko wake wa kulalia, ina harufu ya mdalasini. Nilijua hayupo tena, kwa sababu dada yake alinieleza. Nilisoma jina lake, nikashika ukingo wa meza, na Mwalimu hakuniharakisha. Tano. Sita. Saba nilijisomea, nikajiitikia. Nane. Tisa. Kumi haikuwa na karatasi, mlikuwa na pilipili manga tu. Nikaisema pia na kuiacha kimya. Niliona nimefanya vizuri. Sikuruka pengo hata moja.

"Nimemaliza," nilisema.

"Umemwacha mtu."

"Nani tena, Mwalimu? Nimewasoma wote!"

Alinyoosha kidole chake kirefu. Droo ya sifuri. Yule mama alieleza haraka kwamba hiyo haitumii, nani atanunua kitu kilichoandikwa sifuri. Ilikuwa kosa langu la mara ya kwanza, lile lile kabisa. Nilikuwa nimewatafuta wasiokuwapo, mmoja mmoja, na nikamsahau aliyekuwa amesimama mbele yangu.

Niliivuta. Karatasi ilikuwa peke yake kwenye mbao safi. Miaka miwili sikuwahi kujua jina lake. Nililisoma kwa sauti, lote, mbele ya watu wa soko. Silitaji hapa, kwa sababu ni lake.

Alisimama wima kama mtoto wa shule.

"Nipo," alisema. Akapangusa miwani na ncha ya shati. "Sasa anza tena. Usiruke."

Nilianza tena kutoka sifuri. Yule mama aliacha kupima, na wateja wake wawili wakaacha kudai. Sifuri aliitika. Kila droo iliyonyamaza nililisoma jina, nikasubiri muda ambao mtu angetumia kuitika, kisha nikaifunga taratibu. Nikaitika saba. Nilipofika mwisho tulioitika tulikuwa wawili.

"Kumi," nilisema, nikasubiri kimya chetu cha zamani.

"Nipo mie," alisema yule mama.

Tuligeuka wote. Alionekana kuona haya. "Si nyinyi munaita na hakuna mutu anajibu? Nimeshindwa kunyamaza."

Nilimtazama Mwalimu. Nilijua angemwambia hajasajiliwa, kwamba droo ile ni kosa la seremala, kwamba nafasi si ya kila anayepita. Aliivuta droo ya kumi mwenyewe. Halafu, mtu yule ambaye hakuwahi kumuuliza mwanafunzi hata mmoja jina lake, alitoa kalamu yake nyekundu mfukoni.

"Jina lako nani, mama?"

Alimwandika, akaikunja karatasi, akaitia chini ya pilipili manga. Hakuuliza swali la pili. Kisha akachukua karatasi ya kaki ya kufungia chumvi, akailaza juu ya sanduku na kuandika kwamba namba saba amefaulu, bila hata neno la pongezi. Akasaini. Nilikipeleka cheti hicho ofisi ya kwanza, wakacheka karatasi, wakanipa kazi. Bado ninacho, na kila anayekiona huuliza kwa nini mtu aliyesaini mwisho wa mwaka, sokoni, aliandika tarehe ya Alhamisi ya wiki ya Pasaka.